Paja la Kulwa, Paja la Doto

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu wengi waliolisema wameshatangulia mbele ya haki, na mimi bado nipo, nimestaafu kwa heshima, meno yangu karibu yote yamo kinywani, na mkono wangu hautetemeki ninaposhika kalamu.

Kaka yangu kule Samuye alisema nikienda Uganda kusoma udaktari nitarudi na viatu tu. Nikarudi na viatu na diploma. Karani mmoja wa Shinyanga alisema dresa Mwafrika, yaani mganga mfunga vidonda, hawezi kuachiwa dispensari peke yake, ataiba spiriti anywe. Nikaachiwa, na spiriti ilikaa kwenye chupa yake. Lakini aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mama mkwe wangu, Bibi Milembe, na yeye hakujali kusoma wala spiriti. Alisema sitaweza kulea watoto watatu wadogo katika kambi ya dhahabu.

Ninyi madresa vijana mlioniomba niandike habari za kazi mtashangaa kwa nini namleta mama mkwe mapema hivi. Vumilieni. Yale niliyowafundisha wengi wenu kufanya kila asubuhi kliniki, bila kuwaeleza yalikotoka, yalitoka nyumbani kwangu.

Kazi niliianzia Shinyanga, siku ambazo watu walikuwa bado wanatoka vijijini kuja kuitazama treni. Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe nililojishonea mwenyewe, na diploma yangu imo ndani ya fremu. Dresa niliyemkuta pale, Mzee Yakobo, aliitazama fremu, akanipa msumari na nyundo.

"Itundike," aliniambia. "Mbali na jiko lakini. Moshi wa mafuta ya taa utaifanya nyeusi kama mimi."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: sindano mbili za kuchemshwa kila zikitumika, mkasi, iodini, kwinini, chumvi ya haluli, mafuta ya mbarika, na bandeji tulizofua na kuanika uani mpaka mbuzi wa jirani wakazizoea. Vidonda ndiyo iliyokuwa kazi kubwa. Nilijifunza haraka, na baada ya muda mfupi Mzee Yakobo alianza kuniachia vidonda vibaya, akisema macho yake yamechoka. Hayakuwa yamechoka hata kidogo. Alikuwa ameona mikono yangu.

Jambo moja alilonionyesha yeye, nami nalikiri, ni la kidole gumba. Mama mmoja alileta mtoto mchanga mwenye mafua. Nyuma yake alikuja mtoto mwingine wa miaka kama mitatu, ameshika nguo ya mama yake, uso umevimba, nywele zimekuwa za rangi ya kutu, halii wala hachezi. Mama hakuwa ameleta huyu. Alikuwa amekuja naye tu. Mzee Yakobo alimkalisha, akambonyeza mguuni kwa kidole gumba, akaachia. Pakabaki shimo, kama mtu aliyebonyeza unga uliokandwa.

"Mgonjwa ni huyu," alisema. "Yule mchanga ana mafua tu."

Watu wa mjini, wale wenye asili ya pwani, waliuita ugonjwa huo kubemendwa. Walisema mtoto ameharibiwa kwa sababu wazazi hawakujizuia, mimba ikaja mapema. Wasukuma wa vijijini walikuwa na maelezo yao. Niliyoyaona mimi ni haya: ulimpata mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mwingine anakuja, akapewa uji mtupu na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, vinavyojaza tumbo na kuishia hapo. Wengi hawakupona. Hilo nalisema bila mapambo.

Baadaye nilipelekwa Geita, kwenye kambi mojawapo ya dhahabu huko porini, peke yangu, msimamizi wa dispensari nzima. Dispensari nzima ilikuwa chumba kimoja cha udongo na baraza. Niliipaka chokaa mwenyewe. Fremu nikaitundika mahali ambapo mtu akilala kwenye kitanda cha kufungia vidonda hana pengine pa kutazama.

Nilikwenda na mke wangu Minza na watoto wetu pacha, Kulwa na Doto. Kulwa ni msichana, ndiye aliyetangulia kutoka. Doto ni mvulana. Aliye na pacha nyumbani kwetu Usukumani anaishi kwa sheria moja: ukimpa mmoja, umpe na mwenzake, kitu kilekile, wakati uleule. Ukimpa Kulwa muwa peke yake, Doto ataugua. Ndivyo tulivyoambiwa, na hakuna aliyethubutu kujaribu. Minza alikuwa na mapaja mawili, basi mgawanyo ulikuwa rahisi. Paja la kulia la Kulwa, paja la kushoto la Doto. Hata usingizini walijua upande wao.

Kisha Minza akapata mimba. Aliwaachisha ziwa wote wawili siku moja, kwa haki. Jina la mtoto ajaye halikuhitaji kikao, kwani anayefuata pacha ni Shija, awe wa kiume au wa kike.

Habari zilifika Samuye, na Bibi Milembe akaja. Alipanda treni hadi Mwanza, akavuka ziwa, akamalizia kwa lori la mgodi, amekaa juu ya magunia na kikapu kikubwa kitupu mapajani. Nilikiona kile kikapu nikajua.

"Mwadila, mama," nilimsalimu kwa mbali, kama ilivyo heshima kwa mkwe.

"Mwadila, baba Kulwa. Nimekuja kuchukua wajukuu zangu."

Ndivyo ilivyokuwa desturi. Mtoto mpya akija, waliotangulia huenda kwa bibi, wakanywe maziwa ya ng'ombe na kusahau ziwa. Desturi nzuri, siikatai. Lakini Samuye ilikuwa safari ya siku kadhaa, na Minza alikuwa amekwisha kulia chumbani kabla mama yake hajateremka kwenye lori. Alikuwa ameniambia waziwazi: "Wakienda, watarudi wakiniita shangazi."

"Mama," nikasema, "watoto watabaki. Mimi ni mtaalamu wa mambo haya. Nina diploma."

"Diploma ina maziwa?"

"Kuna mbuzi."

Alicheka hadi akashika ukuta. "Mbuzi! Wajukuu wa Milembe wanyweshwe maziwa ya mbuzi, kama watoto waliookotwa njiani! Ng'ombe wako wapi, mkwe?"

Alijua kabisa walipo. Pori lile lilikuwa na ndorobo, mbung'o wale wanaoua ng'ombe, na hakuna ng'ombe aliyemaliza masika pale. Nilimweleza. Hakutaka elimu yangu. Mwishowe tulipatana, Minza akiwa shahidi. Angerudi Shija atakapoanza kutembea. Akikuta mmoja kati ya pacha amenyauka au amevimba, angewachukua wote wawili, na mimi nisifungue mdomo.

"Kikapu nakiacha hapa," alisema. "Sina haja ya kukibeba mara mbili."

Akakitundika msumarini, karibu na mlango. Basi nyumba yangu ikawa na vitu viwili ukutani: kikapu chake, na picha ya daktari mmoja wa zamani niliyoikata kwenye gazeti.

Sikuwa na ukoo pale, kwa hiyo nilianza kuazima, na sioni haya kulisema, kwa sababu mtaona mwisho wake. Mama Zuhura, mke wa mwenye duka, mwanamke wa Tabora mwenye ulimi mkali, aliniazima jozi ya kanga za kubebea na akajitolea yeye mwenyewe kuwa mkunga. Nyapara Lubinza, Mzinza mfupi aliyesimamia chakula cha wachimbaji, aliniazima mbuzi jike anayekamuliwa, na baadaye mizani yake ya kupimia posho.

"Lakini, Bwana Dresa," Lubinza aliniambia, "Msukuma akikamua mbuzi mbele ya watu, hamtatucheka sisi Wazinza tena, sivyo?"

"Nitamkamua nyuma ya nyumba," nikamjibu.

Shija alizaliwa asubuhi, siku ya kazi. Mwanamume haingii, nami sikuingia, lakini nilisimama nje ya mlango na sufuria ya maji yanayochemka. Wembe na uzi nilivichemsha mimi, Mama Zuhura akavipokea kwa kibano kama nilivyomfundisha, huku akilalamika kwamba amezalisha nusu ya Tabora kwa wembe wa kawaida.

"Na hiyo nusu nyingine?" nikamuuliza.

Akaosha mikono mara ya pili. Mtoto alikuwa msichana, mdogo lakini mwenye sauti. Tulimpima kwa mizani ya posho, amefungwa kwenye kanga, katikati ya magunia ya unga. Wachimbaji waliopanga foleni walipiga makofi. Mmoja akasema, "Leo posho inalia!"

Pacha waliletwa kumtazama. Walisimama wameshikana mikono. Minza alikuwa amempakata mtoto.

"Huyu ni Shija," nikasema. "Mdogo wenu."

Kulwa akauliza, "Atakaa wapi?"

Watu wazima wangeelewa nyumba au kitanda. Lakini alikuwa anayatazama mapaja ya mama yake. Yalikuwa mawili, na yote yalikuwa na wenyewe.

Nilijibu upesi, kama mtu aliyezoea kujibu wagonjwa. "Mtamwazima paja moja. Akianza kutembea atalirudisha."

Kulwa alikubali. Doto akataka uhakika. "Kweli atarudisha?"

"Kweli. Baba yako hadanganyi."

Wiki za kwanza nilijisifu kila mahali. Niliwaambia wachimbaji wenye wake walio na mimba waje waone nyumba ya mtu aliyesoma. Pacha walikula uji niliouagiza mwenyewe, wa uwele, maziwa ya mbuzi na karanga zilizotwangwa, na jioni choroko, na dagaa wa ziwani waliosagwa ili miiba isiwatishe. Kulwa alinenepa. Lakini Doto alianza kugeuza uso. Mara alikula vijiko viwili, mara kimoja. Akaacha kukimbiza kuku. Alikaa kizingitini, amempa mama yake mgongo.

Mama Zuhura alisema alichotaka kusema tangu mwanzo. "Amebemendwa huyu. Na ninyi wawili ndio wenye kosa."

Nilimchukua Doto mlangoni kwenye mwanga. Nilimbonyeza mguuni kwa kidole gumba, nikaachia.

Shimo lilibaki.

Nimeona mengi kazini. Nimeona miguu iliyopondwa na mawe ya mgodi, na nimeikata. Lakini lile shimo dogo kwenye mguu wa mwanangu, na kile kikapu ukutani nyuma yake, sijawahi kuona kitu kizito zaidi. Niliongeza maziwa. Niliongeza karanga. Nilimpa dawa ya minyoo. Chakula kilikuwa sahihi, na ninalisema hadi leo, kilikuwa sahihi. Ila chakula sahihi kilichobaki kwenye bakuli hakimponyi mtu.

Siku moja mchana nilirudi kula, nikakuta Minza amekaa, Kulwa yuko paja la kulia anakula, Shija yuko paja la kushoto ananyonya, na Doto yuko kizingitini.

"Kwa nini mtoto yuko kushoto?" nikauliza.

"Namshika kwa mkono wa kushoto ili nipike kwa wa kulia. Ningeshika vipi?" Kisha Minza akalitazama lile paja. "Baba Kulwa. Kila siku ni kushoto. Tumeazima la Doto peke yake."

Minza husema yeye ndiye aliyeliona. Mimi husema niliuliza swali. Tumekubaliana tuliliona pamoja. Wazazi wa pacha, tuliogawa hata punje ya karanga katikati, tulikuwa tumechukua cha mmoja na kumwachia mwenzake chake.

Nilitoa agizo palepale, kama agizo la dawa. Leo Shija akae kushoto, kesho kulia. Aliyeazimisha paja lake siku hiyo asibaki bila paja. Apewe la baba, asubuhi hadi jioni, kazini na nyumbani, na chakula chake ale akiwa hapo hapo. Minza alijifunza kupika kwa mkono wa kushoto. Aliunguza ugali mara kadhaa, tukaula.

Basi kambi nzima ikaona kitu ambacho haikuwahi kukiona: Bwana Dresa, mwenye diploma, anafunga vidonda huku amempakata mtoto, bakuli la uji pembeni ya iodini. Wachimbaji hawakuniacha.

"Dresa, umeanza kunyonyesha?"

"Tuliza mguu, wewe. Nikikosea bandeji utanyonyeshwa na wewe."

Siku za Kulwa zilikuwa za kelele, kwani aliwauliza wagonjwa wote kama inauma. Siku za Doto zilikuwa kimya mwanzoni. Kisha siku moja, nikiwa nasafisha kidonda cha mtu aliyekuwa anapiga yowe, nilisikia kijiko kinagonga bakuli. Sikugeuka. Niliogopa kugeuka. Niliendelea na kidonda kile, nikakisafisha kuliko kilivyohitaji, mpaka kijiko kikakwangua chini.

"Baba," Doto alisema, "umeisha."

Katikati ya kipindi kile alikuja daktari Mzungu wa kuzungukia vituo. Alisimama mlangoni, akaitazama fremu, akanitazama mimi, akamtazama Doto mapajani.

"Huyu ni mgonjwa au msaidizi?" aliuliza.

"Mgonjwa, Bwana. Dawa yake ni uji wa karanga na maziwa, na paja."

Nilidhani nitafukuzwa. Aliinama akambonyeza Doto mguuni, akaachia. Shimo lilikuwepo bado, ila dogo, na lilijaa upesi. Akaniuliza kama wapo wengine wa namna hii kambini. Nikamwambia wapo, lakini hakuna anayewaleta, kwa kuwa mama huleta mchanga tu. Tangu siku hiyo, kwa ruhusa yake, nikaanza utaratibu ambao ninyi vijana mmeukuta: mama akiingia na mtoto mchanga, kabla hujamgusa yule mchanga, muulize, "Aliyemtangulia yuko wapi?" Akisema yuko nyumbani, mwambie akamlete. Atanung'unika. Mwache anung'unike. Akija naye, mbonyeze, angalia nywele, kisha uliza anakula akiwa amekaa wapi. Wengi wenu mliniona nauliza hilo la mwisho mkacheka nyuma ya mlango. Nilisikia.

Wapo niliowapoteza hata baada ya hapo. Waliopona walikuwa wengi zaidi, na bado baadhi yao huniamkia barabarani, "Shikamoo, daktari," wakiwa na ndevu.

Shija alianza kutembea wakati wa kiangazi. Alitoka kwa mama yake akaja kwangu, akaanguka, akainuka, akaendelea. Nilituma ujumbe Samuye siku hiyohiyo. Sikusubiri kuitwa.

Bibi Milembe alifika na lori lilelile. Hakusalimia sana. Aliwasimamisha pacha uani, akawavuta nywele, akawatazama machoni, akawabonyeza miguu kwa kidole gumba chake. Kumbe alijua, na hakuna aliyemfundisha. Alimbonyeza Doto mara mbili. Mguu ulirudi kama mpira.

"Mmewapa nini?"

"Maziwa ya mbuzi, mama," nikasema, na niliitamka kila silabi.

Siku ile niliifanya kuwa siku ya kurudisha. Niliwaita wote walioniazima. Lubinza nilimrudishia mbuzi wake akifuatwa na wanambuzi wawili, na mizani yake ikiwa na kamba mpya. Alizunguka uani akitangaza kwamba Wasukuma sasa ni wafugaji wa mbuzi. Mama Zuhura nilimpa jozi mpya ya kanga, akaikagua upindo kwa upindo akitafuta kasoro, akaikosa, akaondoka amejifunga tayari. Kikapu nilikitoa msumarini kwa mkono wangu mwenyewe, nikamkabidhi mama mkwe kikiwa kimejaa karanga.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza. Sidaiwi na mtu."

Nilisikia nguo yangu inavutwa. Alikuwa Doto.

"Na langu?"

Wote walimgeukia. Sikucheka, na ninajivunia kwamba sikucheka. Nilimwomba Minza akae kwenye mkeka, anyooshe miguu. Nilimchukua Shija kutoka mapajani mwake nikamsimamisha chini. Kisha nikamshika Doto mkono, nikampeleka upande wa kushoto mbele ya bibi yake na mashahidi wote.

"Doto mwanangu," nikasema, "paja lako hili. Limerudi zima."

Akakaa. Alijisogeza mbele, akajisogeza nyuma, kama mtu anayekagua kitu alichokiazimisha muda mrefu. Kulwa naye akaja kukaa upande wake. Shija alisimama mbele yao, akawatazama, mdomo ukaanza kutetemeka.

Doto aliuona. Kisha akasogea pembeni, akabaki na nusu, akapiga nusu nyingine kwa kiganja.

"Njoo," alimwambia. "Lakini ni langu."

Bibi Milembe alijitwika kikapu chake cha karanga kichwani, akasema lori lisimngoje mtu mwingine, anakwenda peke yake.